Tulishuti video ya kutangaza korosho za mama mmoja Mikindani (kazi ya grupu chuo), imetoka kali ila haijauza hata robo kilo. Tumekosea wapi?

Kochoko
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi hapa Mtwara mjini, chuo sikitaji kwa sababu nahisi lekchara wetu yumo humu na somo lake bado sijalimaliza. Semista hii kwenye masoko tulipewa asainimenti ya grupu, watu sita, mnatafuta mfanyabiashara mdogo yeyote mnamtengenezea video ya tangazo isiyozidi sekunde 90, mnaipandisha mtandaoni, wiki mbili baadae mnasimama mbele ya darasa mnaeleza imemletea nini huyo mfanyabiashara. Ile ya mwisho hakuna aliyeitilia maanani. Sisi tulisoma tukafika kwenye neno video basi, kelele zikaanza nani ana simu yenye kamera kali.

Mfanyabiashara tulimpata haraka. Kuna mama anakaa Mikindani, anabangua korosho nyumbani kwake yeye na mdogo wake na binti zake wawili, anafunga pakti anauza kwa abiria na watu wa maofisini. Tukamfata, tukamuamkia, tukajieleza, akakubali hapo hapo na korosho za kutafuna njiani akatupa.

Siku ya kwanza ya kushuti, Jumamosi ya mwezi wa kumi katikati, sijui shetani gani alituingia, badala ya kwenda kwa mama tukaenda Shangani. Mwenzetu mmoja alisema lazima video ianze na mazingira. Basi tukashuti bahari, tukashuti ngalawa, tukashuti watoto wanapiga mbizi, tukaenda kivukoni tukashuti pantoni ya Msangamkuu inaondoka na inarudi, tukapanda bajaji mpaka Mikindani tukashuti lile boma la Mjerumani kwa chini, kwa pembeni, kwa kupitia majani ya mnazi. Jioni tunahesabu, klipu 61, korosho hakuna hata moja.

Jumapili ndio tukaenda kwa mama na tulifika saa sita mchana, wengine walikuwa kanisani wengine walikuwa wamelala tu. Mama kavaa kanga mpya doti nzima, tukamkalisha uani juani maana kibarazani tuliona giza. Nikiangalia zile klipu leo naona aibu, macho yake hayaonekani ni mashimo mawili meusi. Akaanza kutusimulia alivyofundishwa kubangua na marehemu mama yake, anasimulia vizuri mpaka binti yake kaacha kazi anasikiliza, dakika ya nne simu ikaandika memori imejaa. Nusu ya ile stori haipo duniani. Tulimwomba arudie akarudia, ila ya pili ilikuwa kama anamsomea risala mkuu wa wilaya.

Tukaingia kwenye kibanda ilipo mashine, humo kuna taa ya tyubu, kila klipu ina mistari myeusi inapanda na kushuka.

Kuediti nikaachiwa mimi kwa sababu ndio mwenye laptop. Wenzangu wakanitumia klipu kwa WhatsApp, zimefika zimekuwa ukungu. Sauti ya mama niliirekodi kwa simu nyingine, nikiipanga na picha mwanzo inakaa sawa, ikifika dakika ya tatu mdomo umefunga sauti bado inaongea. Umeme ukakatika mara mbili katikati ya kuekspoti na betri ya laptop yangu ni ya kuombewa dua. Mtu wa sita kwenye grupu hakuonekana siku zote mbili, siku ya presentesheni ndio katokea kavaa suti.

Video ikatoka sekunde 88, wimbo mkali wa bongofleva chini, bahari ya jioni, maandishi yanaruka ruka. Kwenye grupu la darasa ikapigiwa makofi. Tukampelekea mama. Akaangalia mara ya kwanza kimya, akaomba irudiwe, akaangalia tena, akasema "Wanangu mmenipendezesha, Mungu awalipe. Sasa korosho yangu inakuja saa ngapi?"

Nikahesabu. Korosho inaonekana sekunde ya 52.

TikTok imetazamwa mara elfu mbili na kitu, komenti karibu zote zinauliza hiyo bichi iko wapi, mmoja kauliza ni Zanzibar. Facebook wakaizima sauti kwa sababu ya wimbo. Simu kwa mama, sifuri. Lekchara katupa wiki moja turudie. Wajuzi shusheni nondo.

Babu wa Chuno
Nipo siti ya mbele nina karanga zangu.

Fundi Fremu
Mleta uzi pole ila umenichekesha, hizo klipu 61 hata mimi nilizishuti mwaka wangu wa kwanza. Nashuti maharusi na vikao Lindi mjini mwaka wa tisa huu, ngoja nikupe ninavyovikumbuka sio kwa mpangilio.

Jua kwanza. Huku kwetu, Lindi na Mtwara, tupo kwenye nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na wiki ya tatu ya Oktoba ndio jua nalo linapita juu ya nyuzi hizo hizo likienda zake kusini, kwa hiyo saa sita mchana linakaa utosini kabisa, hata nguzo inakosa kivuli. Mlimkalisha mama chini ya taa moja imening'inia juu ya kichwa, macho lazima yazame. Nendeni saa moja asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Na kile kibaraza mlichokiona kina giza ndio studio yenyewe, mkalishe pale uso uangalie uani kunakong'aa, weka kidole usoni pake kwenye skrini ukishikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge, nyuma yake kukiwa giza ndio vizuri zaidi anachomoza. Chukua salfeti nyeupe safi mtandikie mapajani nje ya fremu, inarudisha mwanga chini ya macho. Mimi nilikuwa na riflekta ya kununua ikaibiwa kwenye harusi Nachingwea, toka siku hiyo natumia salfeti na wateja hawajui tofauti.

Mistari myeusi. Umeme wetu ni hezi 50, taa ya tyubu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Simu nyingi zinakuja zimesetiwa fremu 30 kwa sekunde, hizo ni hesabu za nchi zenye umeme wa hezi 60 kama Marekani. Weka fremu 25 na shata (muda kamera inafungua jicho kwa kila picha) 1/50 au 1/100 ya sekunde mistari inakufa. Kama kamera ya simu yako haina sehemu ya kuchagua, app ya Blackmagic Camera ni ya bure inakuachia uchague. Au zimeni taa mfungue dirisha, yaani watu wanasahau kabisa kwamba dirisha lipo.

Sauti kuikimbia picha. Simu haipigi idadi ile ile ya fremu kila sekunde, kukiwa na giza au ikipata moto inapunguza kimya kimya, programu ya kuediti yenyewe inahesabu kama zote ziko sawa, mwisho wa siku mdomo na sauti vinaachana. Pitisha klipu zako kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, bure pia, uchague fremu reti isiyobadilika ndio uziingize kwenye DaVinci au unachotumia. Na kabla mama hajaanza kuongea mtu apige kofi moja mbele ya kamera, hapo ndio pa kulinganishia.

WhatsApp mtume kama dokumenti sio kama video. Memori, kwa 1080p ni kama megabaiti 60 mpaka 130 kwa dakika kutegemea simu, 4K inakula mara mbili tatu ya hapo, na nyie naamini mlishuti 4K video ya kuangaliwa kwenye kioo cha Tecno.

Kochoko
Fundi ni kweli tulishuti 4K😔

Mlindi Halisi
Mngekuja Lindi msingehangaika, sisi tuna mandhari. Nyie kila siku boma boma boma, sisi tuna Kilwa Kisiwani iko UNESCO toka 1981.

Kochoko
Mlindi hivi umesoma uzi au umesoma kichwa? Mandhari ndio yametuponza kaka.

Dada wa Feri
Mimi hizo fremu sizijui, mimi ni muuzaji wa samaki hapa Feri na korosho nanunua za kutumia ndugu bara. Niseme kama mnunuzi.

Korosho watu wameumizwa sana mtandaoni. Unaagiza kilo unaletewa mapande, au za mwaka juzi zishaanza kunuka mafuta ya zamani, au juu nzima chini vumbi. Kwa hiyo mimi nikifungua video ya mtu anayeuza korosho sitafuti bahari, bahari naiona kila siku inanilisha, mimi natafuta ushahidi. Nataka nione mkono unaingia ndani ya ndoo mpaka chini unachota unamwaga kwenye ungo, nzima zikae huku mapande yakae kule. Nione mzani unasoma. Halafu mtu aivunje moja karibu na simu niisikie inavunjikaje, korosho kavu ina sauti yake ile iliyoshika unyevu haina sauti inakunjika tu. Hivyo vitu vitatu havizidi sekunde kumi na tano.

Na bei jamani. Kwa nini mnaficha bei? Watu wakikuta "bei njoo inbox" wanajua huyu anataka kunipima. Taja nzima bei gani, mapande bei gani, unatumaje mkoani nauli ya nani. Mapande usiyaonee haya, kuna watu wa keki na ubuyu wanayatafuta hayo hayo.

Swali langu kwa mleta uzi, mlikaa siku mbili kwa huyo mama, mmewahi kumuuliza wateja wake huwa wanamuuliza nini?

Kochoko
Dada hapo umenikata maini. Hatujamuuliza.

Tukiwa kwenye kile kibanda nilikuwa nimeshika simu naangalia mistari tu, lakini kwa macho niliona kitu ambacho hakipo kwenye video kabisa. Mama kabla ya kugusa chochote anachota majivu anajipaka viganja mpaka katikati ya vidole, maana utomvu wa ganda la korosho unababua ngozi. Anaitega korosho kwenye meno ya mashine inaangalia upande mmoja tu siku zote, anakanyaga pedeli, tak, ganda linafunguka, anamsukumia mdogo wake ambaye ana kisu kidogo kama sindano ya kushonea viatu, anachokonoa punje inatoka nzima. Hawaongei. Tak, sukuma, chokonoa, tak. Nilijaribu kuchokonoa mimi zikatoka tatu zote mapande, mdogo wake mama akacheka akasema hizo utanunua mwenyewe.

Hiyo ndio ilikuwa tangazo sasa naona.

Mpita Njia
Samahani nje ya mada, kochoko ni nini?

Kochoko
Mabibo yaliyokaushwa, tunda la korosho lile. Ukikulia huku umekula utotoni, tamu halafu inakaba koo kidogo.

Mzee Salfa
Nachomekea kidogo kwenye alichosema dada. Wanunuzi wakubwa wanapanga korosho nzima kwa madaraja, W180, W240, W320, hiyo namba ni punje zinazoingia kwenye ratili moja (nusu kilo kasoro kidogo), kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndio punje kubwa. Mama wa nyumbani hahitaji kuandika W320 kwenye tangazo, ila akitenga kubwa na ndogo kwenye video mtu anayejua atajua huyu anajua. Na mwambieni aseme ni za msimu huu. Oktoba ndio mavuno yanaingia, hilo peke yake ni tangazo, wenye za mwaka jana hawawezi kulisema.

Kijana wa Juu
Hamna daroni? Promo bila daroni ni slaidi shoo wakuu. Rafiki yangu anayo, mngepata shoti ya bandari pale ingeua.

Fundi Fremu
Daroni unataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi, kwa pakti ya korosho? Ukipanda mita 80 mama anakuwa nukta.

Karani Mstaafu
Vijana hongereni kwa kazi. Huyo wa daroni nimwambie, bandari ya Mtwara na mitambo ya gesi kule Madimba na Msimbati sio sehemu za kuzunguka na kamera bila ruhusa, utaelezea darasani ukiwa umechelewa wiki.

Lililonifanya niandike ni hili. Mama amekubali kushutiwa, vizuri. Je wale watoto mliowashuti Shangani wanapiga mbizi, wazazi wao mliwauliza? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu ni taarifa yake, na ya mtoto ndio zaidi. Hata sheria isingekuwepo, mtoto wa mtu na chupi yake kwenye tangazo la korosho, imekaaje?

Pia nembo ya TBS, shirika la viwango. Nimewahi kuona kijana kaitoa mtandaoni akaipachika kwenye video ya asali kama urembo. Kama mama hana leseni msiiweke. Mpelekeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa, wana utaratibu wa kumwandikia mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho kwenda TBS, hiyo itamsaidia kuliko video yenyewe. Na mkiwa na wasiwasi na vibali vya kupiga picha, afisa utamaduni wa halmashauri yupo, mlango wake hauna foleni.

Kochoko
Mzee shikamoo. Klipu za watoto nimezifuta sasa hivi, video nzima nimeishusha. Nembo hatukuweka ila kuna mtu alipendekeza simtaji.

Usiku Kazini
Mimi ndiye mtu wa sita.

Nimetumiwa link ya huu uzi na abiria wangu, fikiria. Sikuja Jumamosi wala Jumapili kwa sababu wikendi ndio naendesha boda usiku mpaka asubuhi pale stendi ya Mkanaledi, basi za Dar zikiingia, hiyo ndio ada yangu. Hilo kwenye grupu niliandika. Bando la kupandishia video nilitoa mimi, bajaji ya kwenda Mikindani nilitoa mimi elfu sita kwenda na kurudi, haijaandikwa hapo juu. Suti ni ya kaka yangu.

Na namba ya mama ilikuwa haionekani. Video ilipopanda tu niliifungua nikaona mmeiandika chini kabisa, pale TikTok inapoweka jina la akaunti na maelezo, maandishi yamekaa juu ya namba. Tarakimu nne za mwisho hazisomeki. Nikaandika kwenye grupu.

Babu wa Chuno
Karanga zimeisha naomba mtu aniongezee.

Kochoko
Nimepanda juu kwenye grupu la WhatsApp kutafuta. Jumanne saa nane na dakika kumi usiku, "namba haionekani wakuu", chini yake kuna stika kumi na mbili za kucheka za kitu kingine kabisa. Kaka nisamehe. Kwenye laptop nilikuwa naiona vizuri nikaona tayari, sikuifungua kwenye simu hata mara moja.

Fundi Fremu
Hili mlishike. Video ya kusimama, 9:16, acheni nafasi chini kama robo hivi na upande wa kulia wanapoweka moyo na komenti. Maandishi ya maana yakae katikati kwenda juu. Mimi nilifanyia bwana harusi mmoja mwaliko, ukumbi ukafichwa na maelezo, watu wakaenda ukumbi wa mwaka uliopita.

Na maandishi muandike wenyewe, msiachie mashine itafsiri sauti, Kiswahili cha huku inakivuruga, "kubangua" niliwahi kuikuta imeandika "kupangua". Watu wengi wanaangalia wakiwa kwenye daladala sauti imezimwa, wasome.

Kuhusu wimbo acheni kabisa, wimbo wa mtu ni mali ya mtu, na akaunti ya biashara TikTok haikupi kila wimbo, inakupa zile tu zilizoruhusiwa kwa biashara. Halafu wewe mwenyewe umeandika hapo juu tak, sukuma, chokonoa, tak. Hiyo ni biti tayari.

Mtu wa Aya
Someni tena swali la asainimenti, sentensi ya mwisho.

Kochoko
Huyu akaunti yake ina posti moja na ni hiyo. Wanafunzi wenzangu mnaosoma hapa kaeni vizuri.

Kochoko
MREJESHO

Wakuu wiki imeisha naleta mrejesho kama nilivyoahidi (sikuahidi ila mlinitisha huko pm).

Tulirudi Mikindani Jumatano saa moja kasoro asubuhi, safari hii wote sita, wa sita katoka zamu moja kwa moja na helmeti yake. Kitu cha kwanza hatukutoa simu. Tulikaa kibarazani tukamuuliza mama lile swali la Dada wa Feri, akasema bila kufikiri, wanauliza nzima au mapande, wanauliza za lini, halafu wanauliza ukituma nitajuaje kama ndio hizo hizo. Mwenzetu akaandika kwenye daftari, ile ndio ikawa skripti, mistari mitatu.

Tukashuti kibarazani na salfeti, nakiri nilikuwa nadhani Fundi ananitania, yaani macho ya mama yanaonekana mpaka mboni. Fremu 25, taa ikazimwa, dirisha wazi. Sauti tulitumia earphone ya kawaida yenye maiki tukaibana kwenye ukingo wa kanga yake kifuani, binti yake akaificha na pini. Kofi tulipiga, mama akauliza mnafukuza nini.

Video ni sekunde 34. Inaanza na viganja vya mama vinapakwa majivu, hakuna sura hakuna jina, ni viganja tu na sauti ya majivu. Tak ya kwanza sekunde ya tatu. Nilikata klipu kwa kufuata mapigo ya mashine na hakuna muziki mwingine. Halafu ungo, nzima huku mapande kule, mzani, mama anavunja moja karibu na simu. Hiyo tulirudia mara saba, zile sita tulikula. Mwisho mama anaangalia kamera anasema "Za msimu huu, nimebangua mwenyewe, ukinipigia nakupigia video nikufungie unaona." Hilo la kufunga mteja akiangalia alilisema mwenyewe, hatukumwandikia, na ndio limeleta watu wote. Bei zote mbili zipo katikati ya skrini. Niliifungua kwenye simu nne tofauti kabla ya kupandisha, mpaka kiswaswadu cha bibi nilitaka kujaribu.

Imetazamwa kidogo kuliko ya kwanza, mara mia saba na kitu mpaka jana. Hakuna aliyeuliza bichi. Simu alizopigiwa mama ni kumi na nne, tisa wamenunua, wawili wamerudia, mapande ndio yaliisha kabla ya nzima. Darasani tulisimama tukasoma orodha ya simu kutoka kwenye daftari la mama mwenyewe, kaandika na saa.

Matatizo yapo msidhani. Kuna mtu kampigia saa sita usiku anataka korosho za bia, mdogo wake mama akampa maneno yake. Mtandao Mikindani ukigoma ile video koli inagoma, mteja mmoja kaghairi hapo hapo. Na mama sasa anadaiwa na wateja wake wa zamani wa maofisini ambao walikuwa wanachukua bila foleni, wamenuna. Wa sita ndio kachukua kazi ya kupeleka vifurushi basini Mkanaledi, anamtoza mama nusu ya nauli ya abiria, na kwenye ripoti jina lake tumeliandika la kwanza baada ya ugomvi wa dakika arobaini ambao sitaki kuukumbuka.

Maksi hazijatoka.

Dada wa Feri
Elfu sita zake za bajaji mmemrudishia?

Kochoko
Dada... tunachanga kesho.

Usiku Kazini
Nimeiscreenshot hii.

Mgeni Dodoma
Nimesoma uzi mzima toka juu. Nataka nzima nusu kilo na mapande kilo moja, mnatuma Dodoma? Na mimi nifungiwe naona.

Kochoko
Tunatuma mkuu. Nimempigia mama sasa hivi, anasema nzima hana mpaka Jumamosi, mapande anayo ila kilo haifiki. Nakupa namba pm, mpigie baada ya saa kumi jioni, saa hizi ana majivu mikononi hashiki simu.